Staa, Hayo Sio Majini, Ni Kompyuta ya Mtumba! Mnatafuta Kiki, Sumbawanga Inalipa

Haya wadau, kama ulikuwa na bando basi ile klipu umeshaiona. Kama hukuwa na bando, kuna mtu kakuonyesha kwa simu yake. Staa mmoja wa vichekesho kutoka Dar, yule ambaye akitoka mkoani lazima arudi na "maajabu", alipanda zake mpaka Sumbawanga kupiga shoo. Kabla ya shoo akaingia kibanda umiza kimoja si mbali na stendi. Simu juu, anarekodi. TV ukutani inatoka mechi hii inaingia mechi ile, sauti inapanda, na hakuna aliyeshika rimoti. Staa anachukua rimoti iliyolala kaunta, anabonyeza. Kimya. Anabonyeza tena, king'amuzi kimenuna. Sekunde chache mbele chaneli inabadilika yenyewe. Staa huyo, mbio hadi nje, makelele mengi, na chini ya klipu kaandika kwamba Sumbawanga hata ving'amuzi vina majini.

Nchi nzima ikacheka. Kwenye maoni ikawa ni mashindano: mmoja anasema usipande basi la Sumbawanga bila kinga, mwingine anaomba asipigwe radi kwa kutoa maoni, mwingine anauliza hilo jini linakubali malipo kwa simu.

Sasa simamisha ile klipu pale staa anapogeuka kuelekea mlangoni. Angalia kona ya chini, kushoto. Kuna boksi la kompyuta ya mezani, chafu, limefunguliwa ubavu, na nyaya nyembamba tatu zinapanda kutoka nyuma yake kwenda kwenye ving'amuzi vitatu. Nyuma ya kaunta mwenye banda kakaa na kibodi mapajani. Huyo ndio jini. Ana kitambi na amevaa koti, maana Sumbawanga iko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na baridi ya kule haina utani.

Na kibaya zaidi, staa alijua. Waliokuwepo siku ile wanasema fundi aliyefunga ule mtambo, dogo wa kidato cha nne tu, alisimama naye kama dakika kumi anamwelekeza waya kwa waya. Staa akauliza mpaka bei, akauliza kama anaweza kufungiwa nyumbani kwake. Dakika zote kumi zikakatwa. Zikabaki zile za kukimbia.

Haya, kwa kuwa staa kaamua kukata, acha zirudishwe hapa.

Rimoti ni tochi. Basi. Pale mbele ina kitaa kidogo kinachotoa mwanga wa infraredi, ambao jicho la binadamu halioni. Aliyeugundua ni William Herschel, mwaka 1800, alipokuwa anapima joto la rangi za mwanga wa jua. Akaweka kipimajoto kimoja nje kidogo ya nyekundu, mahali pasipo na rangi yoyote, na bado kikapanda. Hutaki kuamini? Washa kamera ya simu, ya mbele ndio nzuri maana za nyuma nyingi zinachuja mwanga huo, elekezea rimoti ya nyumbani kwenu na ubonyeze. Utaona kitaa kinamemeta kama zambarau. Umemwona jini kwa macho yako, na hujachinja hata kuku.

Kile kitaa hakiwaki ovyo. Kinawaka na kuzima kwa kasi ya kama mara 38,000 kwa sekunde, ili king'amuzi kisikichanganye na taa ya chumbani au na jua. Ndani ya kasi hiyo ndio ujumbe unapachikwa. Kwenye mfumo unaoitwa NEC, ambao umejaa kwenye vifaa vya bei rahisi, unatangulia mwako wa milisekunde 9, kimya cha milisekunde 4.5, halafu zinafuata tarakimu 32 za moja na sifuri. Za kwanza zinataja anayeambiwa ni nani, zinazofuata zinataja afanye nini, na kila kundi linarudiwa likiwa limegeuzwa, moja kuwa sifuri na sifuri kuwa moja, kwa ajili ya uhakiki. Ni kama mwalimu wa zamu: anaita jina kwanza, ndio anatoa amri. Asiyeitwa hageuki. Ndio maana rimoti ya king'amuzi hiki haikisumbui kile cha kampuni nyingine.

Sasa kama ujumbe wenyewe ni kuwaka na kuzima tu, kuna ubaya gani kompyuta nayo ikiwasha na kuzima? Hakuna. Kwenye Linux watu wanafanya hivyo tangu miaka ya 1990 kwa programu za bure zinazoitwa LIRC. Dogo wa Sumbawanga hakubuni, alisoma. Alichukua kompyuta ya mezani ya mtumba, ile ya kizamani yenye tundu la pini tisa nyuma, tundu ambalo wengi hawajui hata linafanya kazi gani. Kwenye king'amuzi kilichokufa akang'oa jicho la kupokea mwanga. Kwenye kapu la rimoti zilizokufa akang'oa vitaa. Rizista, daiodi, na kidude cha kushusha umeme mpaka volti 5, vyote kutoka kwenye redio mbovu. Kabla ya hapo alijaribu kutumia waya wa kugeuza USB kuwa pini tisa kwenye laptopu, ikagoma kabisa, kwa sababu mchezo huu unahesabu mikrosekunde na ule waya unachelewesha. Ndio akalikimbilia lile boksi kuukuu.

Halafu akafungua dirisha jeusi la kuandika amri. Hapa ndio watu wanaogopa, kwa kuwa sinema zimewafundisha kwamba dirisha jeusi ni la wezi wa benki. Anaandika mode2, na kila akibonyeza rimoti mbele ya lile jicho zinashuka namba: mwako mikrosekunde kadhaa, kimya mikrosekunde kadhaa. Hapo anajua jicho linaona. Kisha anaita irrecord. Programu inamtaka abonyeze vitufe vingi tofauti, kila kimoja kama sekunde moja, nukta zinatembea kwenye skrini mpaka mistari miwili ijae, ndio inapata mwendo wa rimoti hiyo. Baada ya hapo ni kazi ya uvumilivu: anaandika jina la kitufe, KEY_POWER, anabonyeza kitufe chenyewe, anaandika KEY_1, anabonyeza, mpaka rimoti nzima iishe. Usiku wa kwanza ilimkatalia kila kitu, kumbe lircd, ile programu inayokaa nyuma ya pazia kupokea na kutuma, ilikuwa imeshashikilia kifaa. Akaizima, kazi ikaenda. Mwisho anabaki na faili la maandishi, ambalo hata wewe ukilifungua unasoma. Kuanzia hapo rimoti halisi inaweza kuliwa na mbwa. Akitaka king'amuzi cha pili kibonyezwe moja, anaandika:

irsend SEND_ONCE kingamuzi2 KEY_1

Anapanga mistari kama hiyo kwenye faili moja, kati yake anaweka kupumzika nusu sekunde ili king'amuzi kisizidiwe, faili analiita jina la mechi. Mwenye banda kazi yake ni kuandika jina na kupiga Enter.

Mtu atauliza, yote hayo ya nini, si ununue rimoti? Muulize anayeendesha banda. Tangu nchi ianze kuzima mitambo ya analojia, Dar es Salaam ikiwa ya kwanza tarehe 31 Desemba 2012, kila banda linaishi kwa ving'amuzi, na kwa kuwa mechi hii iko huku na ile iko kule, vinakuwa viwili, vitatu, na rimoti zake. Rimoti zinapotea, zinamwagikiwa soda, zinaibwa. Umeme nao. Sumbawanga kwa miaka mingi imetumia umeme wa kununua kutoka Zambia, na watu wake wanajua kukaa gizani kuliko mnavyojua nyie wa Dar. Umeme ukirudi, king'amuzi kinaamka kimesinzia kinasubiri rimoti, huku watu hamsini wanapiga kelele za goli walilolisikia nyumba ya pili. Kompyuta ya dogo imepangwa ijiwashe yenyewe umeme ukirudi, iamshe ving'amuzi vyote na kuvirudisha kwenye mechi. Mwenye banda akiwa bado anatafuta kiberiti, mpira unaendelea.

Tena kuna wahuni. Baadhi ya simu, zipo Xiaomi za hivyo, zina kitaa cha infraredi kwa juu, na vijana wakishakunywa mbili tatu wanabadilisha chaneli wakati wa penalti halafu wanakaa kimya kama hawajui kitu. Banda lilikaribia kuchomwa. Ndio dogo akabandika kila kitaa juu ya jicho la king'amuzi chake na kufunika kwa tepu nyeusi, mwanga wa nje usiingie. Kwa hiyo rimoti aliyoshika staa ilikuwa sawa na kijiti cha mshikaki. Hilo nalo aliambiwa.

Na kama chaneli kubadilika yenyewe ni ushahidi wa majini, basi tuanzie Marekani. Mwaka 1955 kampuni ya Zenith, yenye makao yake Chicago, ilitoa rimoti ya kwanza ya TV isiyo na waya, Flash-Matic, iliyobuniwa na Eugene Polley. Ilikuwa tochi ya kawaida unayomulikia kona za TV. Shida yake, jua likipiga dirishani TV ilikuwa inaweza kubadilisha chaneli yenyewe mchana kweupe. Wenzetu walirekebisha mtambo. Hakuna aliyesema Chicago wanatisha.

Lakini Sumbawanga ikifanya jambo la akili, jibu liko mfukoni tayari: uchawi. Yaani mkoa mzima umegeuzwa kichekesho kimoja. Rukwa inalisha watu mahindi na maharage, malori yanashuka Tunduma usiku na mchana, hakuna anayeposti. Maporomoko ya Kalambo yako pale, marefu zaidi ya mita 200, staa hata hakusogea. Alichotaka ni radi na ungo. Na utani wenyewe haujui hata jina la mji. Kwa Kifipa, wenyeji wanaeleza kwamba Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Mji umebeba katazo kwenye jina lake, nyie mnalisoma kama tangazo la biashara.

Na Ufipa ufundi haukuanza na kompyuta. Wazee wa uwanda ule walikuwa wanayeyusha chuma kwenye matanuru ya udongo marefu kupita kimo cha mtu, yanayovuta hewa yenyewe bila mivukuto, kisha wanakisafisha kwenye tanuru dogo lenye mivukuto ndio wafue majembe. Mabaki ya matanuru hayo bado yapo huko vijijini. Kweli waliweka na dawa zao humo, hakuna anayeficha. Ila dawa peke yake haiyeyushi jiwe. Kinachoyeyusha ni mkaa, hewa, na mtu anayejua anachofanya. Huyo anayejua ndio kila siku anafutwa kwenye picha.

Sasa tuone kiki ya staa imegharimu nini. Wiki moja baada ya klipu, mwenye banda aliletewa ujumbe na majirani: hatutaki watoto wetu wapite hapo. Wateja wakabaki wale vichwa ngumu. Mama mmoja alienda kwa dogo kuchukua redio yake aliyoiacha itengenezwe, akaichukua hivyo hivyo mbovu, kwa heshima zote, "mwanangu sina ubaya na wewe, ila nina watoto wadogo". Mwenye banda, ambaye hana kosa, akamwita dogo pembeni.

"Dogo, hii kompyuta iondoe kwanza. Upepo ukitulia utairudisha."

"Bosi, wewe si unajua inavyofanya kazi?"

"Mimi najua. Wao hawajui."

Ikaondolewa. Banda limerudi kwenye rimoti na kugombana wakati wa penalti.

Mngeweza kusema ni biashara tu, itarudi. Lakini dogo anaishi na bibi yake. Bibi kapikia kuni maisha yake yote, macho yamekuwa mekundu kwa moshi. Mtu yeyote anayefuatilia habari za nchi hii anajua macho mekundu ya bibi yamewahi kuhukumiwa vipi. Ripoti za haki za binadamu za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimekuwa zikiandika mauaji yanayotokana na imani za kishirikina, na wengi wa waliouawa ni wanawake wazee. Januari 2015 serikali ilifikia hatua ya kupiga marufuku waganga wapiga ramli, kwa sababu watu wenye ualbino walikuwa wanawindwa. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928. Haya sio mambo ya katuni. Ukishamwambia mtu mwenye wafuasi wengi aseme nyumba fulani ina majini, hujui nani kati ya hao wafuasi hana kicheko. Kuna watu wameanza kumuuliza dogo, kwa upole mkubwa, eti utaalamu ule amerithi kwa bibi?

Kwa bibi! Bibi ambaye rimoti yenyewe anaiita kile kidude.

Timu ya staa imeshajibu wanaolalamika: ni utani, Watanzania tumezoeana, Wafipa wenyewe wanacheka. Ni kweli wanacheka. Utani upo, Mfipa atamtania mtani wake mpaka msibani na hakuna kesi. Ila utani wa kweli una mtu mbele yako anayeweza kukujibu, na kesho ukifiwa atakuja kukutania tena. Staa kamtania nani? Dogo hana wafuasi hata mia. Alipojibu chini ya klipu, kistaarabu kabisa, akaweka na picha ya nyaya, maoni yake yalifutwa. Mtu mnayetaniana humfungi mdomo, bwana. Na hela ya matangazo kwenye klipu hiyo hajagawiwa hata ya vocha.

Pia wapo mafundi wa kulaumiwa hapa, tena hapo hapo mjini. Kuna mmoja maarufu, fremu yake ina spika mlangoni, ukipeleka rimoti ikufundishie king'amuzi kingine anakugeuzia mgongo, anafunika meza kwa kitambaa, anakwambia urudi jioni, ni "siri ya kazi". Siri gani? Rimoti ya kufundishika inawekwa uso kwa uso na rimoti nzima, vitufe viwili vinabonyezwa, dakika tano. Huyu alipoiona klipu alifurahi, akaanza kuwaambia wateja kuwa hata yeye "anazo". Bei ikapanda. Fundi wa aina hii ndio anamchongea mwenzake jeneza: anauza ujinga wa mteja, halafu siku umati ukikosa wa kumshika unamshika mwenye kompyuta. Kule kwa dogo kitambaa hakipo. Ukisimama anakuelekeza mpaka unachoka wewe.

Na mashabiki nao. Wale walioandika "share kabla hawajatupiga radi", baadhi wameshika simu ambayo ina infraredi kwa juu na hawajui. Wanavyo vyuo vya mtandao mkononi, bando wanalo, wameshindwa kusimamisha klipu sekunde mbili waone nyaya. Kama unayo kompyuta mbovu ndani imekuwa meza ya kuwekea kikombe, yote yaliyoelezwa hapo juu unaweza kuyafanya. Usianze na king'amuzi cha baba siku ya fainali tu.

Klipu bado ipo hewani mpaka leo, na zile dakika kumi zilizokatwa bado ziko kwenye simu ya staa, kwa sababu watu wake wenyewe ndio wanaozungumza kuwa zipo. Anatarajiwa kupita tena barabara ya Tunduma kwenda shoo nyingine za huko juu, Laela mpaka Namanyere. Dogo yupo, kompyuta iko chini ya kitanda, faili halijafutwa, na vitaa vitatu kavifunga kwenye soksi. Mwenye namba ya meneja wa staa amfikishie kwamba kufungiwa nyumbani kwake, kama alivyoomba siku ile, bei ni ile ile. Ila azirushe kwanza zile dakika kumi.